Aliyekuwa Akiweka Gia

Chome ni jirani yetu hapa Ukunda, fundi wa magari, mtu wa maneno machache. Kisa hiki hakukisimulia kwa kutafuta sifa. Kilimtoka kidogo kidogo, kwa muda wa mwezi mzima, na mpaka leo hapendi kuulizwa.

Kilianza siku ya kawaida kabisa. Abdulrahim, mwenye nyumba za wageni Diani, alimletea gari lake la spoti, jekundu, la viti viwili. Gia zilikuwa haziingii. Chumvi ya bahari ilikuwa imezila fito za chuma zinazouunganisha mkono wa gia na giaboksi, na bushi, zile pete za viungio, zilikuwa zimelika hata mkono ukawa unacheza kama jino bovu.

"Ijumaa ya wiki ijayo nataka nimpeleke mke wangu Msambweni kwa gari hili," alisema Abdulrahim. "Usiniangushe, fundi."

Chome alilipandisha gari juu ya stendi, akazifungua fito, akazisugua kutu kwa brashi ya waya, akachonga bushi mpya za nailoni. Ni kazi ya subira, na yeye aliipenda.

Shida ilikuja kwenye kujaribu. Fito za gia hurekebishwa na watu wawili: mmoja hukaa kitini akiweka gia, mwingine hulala chini ya gari akitaja namba na kutazama fito zinafika wapi. Kwa miaka kumi na tisa mkaa kitini alikuwa Baya, mshirika wake. Sasa Baya alikuwa na miezi mitatu kaburini, kwao Kinango. Chome hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na Baya, basi. Angeweza kumwita fundi wa karakana ya pili, lakini moyo ulimkatalia kumwona mtu mwingine kwenye kile kiti.

Adhuhuri hiyo, jua likiwa limesimama utosini, alilala chini ya gari peke yake, na maneno yakamponyoka kwa mazoea tu.

"Baya, weka moja."

Ufito ukasogea.

Mtu mwingine angetimua mbio. Chome alilia. Alilia huku akicheka, girisi ikimdondokea shavuni.

"Mbili," akanong'ona.

Ikaingia mbili. Alipotoka kuchungulia, kiti kilikuwa kitupu, na mkono wa gia ulikuwa kwenye mbili.

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri alikuwa chini ya gari. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku tisa. Alikuwa akikaza nati, kisha anailegeza makusudi, apate sababu ya kulala tena pale chini. Na alizungumza. Alieleza jinsi jioni zilivyokuwa ndefu, jinsi wali anaojipikia unavyolala mpaka unachacha. Juu yake gia ilikuwa ikiingia na kutoka polepole, bila kuamrishwa, na yeye akaridhika kwamba anasikilizwa.

Bi Maimuna, anayeuza mahamri mlango wa pili, alimsikia. Akaja mpaka kizingiti cha karakana.

"Shikamoo, bi Maimuna."

"Marahaba, mwanangu. Wazungumza na nani?"

"Na Baya."

Mama wa watu alilitazama gari, akaishusha sauti.

"Maiti haitwi jua la utosi, Chome. Anayekuja si lazima awe yule uliyemwita."

"Ananijua, bi."

"Amekwambia hivyo?"

Chome alikitazama kiti. Ni kweli, kile kiti hakikuwa kimetamka neno hata moja.

Alhamisi kazi ilikwisha. Kesho yake Abdulrahim angelichukua gari, na Chome aliamini kwamba likiondoka, Baya naye ameondoka, safari hii moja kwa moja. Lilikuwa limebaki jaribio la mwisho, injini ikiwa imewashwa. Hilo fundi hulifanya mwenyewe akiwa kitini. Hakuna mwenye akili timamu anayelala chini ya gari linalonguruma ilhali kiti hakina mtu. Lakini kwa Chome kiti kilikuwa na mtu. Akawasha, akaacha gia frii, haikuingia namba yoyote, akajisukuma chini.

"Moja."

Klachi ikakanyagwa. Gia ikaingia laini. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka hewani.

"Mbili."

Ikaingia.

Tatu hakuitaja. Ikaingia.

Nne. Mafuta yakakanyagwa. Injini ikalia. Stendi zikaanza kusogea juu ya saruji. Kidogo. Kidogo tena.

"Baya, toa gia! Baya!"

Juu kitini mtu akauliza, taratibu, bila hasira:

"Baya ni nani?"

Chome alijiviringisha nje. Gari likaporomoka pale pale kilipokuwa kifua chake, likazimika. Kitini hapakuwa na mtu.

Alikaa nje kwa bi Maimuna mpaka alasiri. Hofu ilikuwapo, ndiyo, lakini lililomchoma lilikuwa jingine. Baya hakuwa amekuja hata siku moja. Siku zote tisa alizofurahi, alikuwa mpweke kuliko alivyodhani, na alikuwa amemwaga moyo wake kwa kitu kisichomjua. Alikuwa amekiambia kila kitu. Nyumba anayoishi. Kwamba hulala peke yake. Kwamba komeo la mlango wake limeshika kutu, halifiki mwisho, na tangu Baya afe hajapata moyo wa kulitengeneza.

Alifika kwake jua likingali juu. Akafungua kufuli, akaingia, akaufunga mlango, akalisukuma komeo kwa nguvu zake zote kama alivyozoea.

Liliteleza lenyewe mpaka mwisho. Lilikuwa limesuguliwa kutu yote na kupakwa girisi mpya, kwa upande wa ndani.