Meneja Hakamuliwi

Kila asubuhi nyumbani kwa Philemon Shitanda, wa kwanza kula alikuwa Meneja.

Meneja hakuwa mtu. Alikuwa fahali mweusi wa kupigana, mwenye shingo nene na pembe zilizochongwa. Alilala peke yake katika kibanda chenye giza. Hakulima. Hakuvuta mkokoteni. Alikula majani ya nepia, ndizi na molasi, na siku ya pambano alipewa pombe ya busaa. Watu wa kwao Khayega walimpenda sana. Ilikuwa rahisi kumpenda, maana si wao waliomlisha.

Aliyemlisha alikuwa Musimbi, mke wa Philemon. Aliamka alfajiri, akakata nepia, akachota maji, ndipo akachuma mboga za mrenda na kunde za kuuza sokoni. Alikuwa pia na kuku kumi na wawili wa mayai. Philemon alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Alikwenda kazini kwa baiskeli, na mshahara wake ulikwisha kabla mwezi haujafika katikati. Mwana wao wa kwanza, Eugene, alisomea uashi chuoni Sigalagala. Binti yao, Selpher, alikuwa darasa la nane.

Ulikuwa mwaka wa 1994. Jioni moja ya mwezi wa tano, Philemon alirudi akipiga kengele ya baiskeli tangu barabarani.

"Mama Eugene! Mimi naacha kazi!"

Musimbi alikuwa akisonga obusuma, ugali wa jioni. Mwiko ulisimama.

"Unaacha kwenda wapi?"

"Nakuja nyumbani! Serikali imesema anayetaka kustaafu mapema kwa hiari apeane jina kabla mwezi wa sita uishe. Atapewa kitita mara moja. Pesa nyingi, mama! Nina miaka arobaini na tano. Mpaka lini nitakuwa napanda kile kilima na baiskeli?"

"Na tutakulanga nini?"

"Shamba liko. Wewe una mboga. Na mimi nitanunua fahali wa pili."

"Wa pili?" Musimbi aliweka mwiko chini. "Baba Eugene, huyu mmoja ananimaliza, na wewe unaniletea mwingine?"

"Fahali ni heshima."

"Heshima inapikwanga na chumvi ama bila chumvi?"

Philemon alikwenda kwenye mtungi, akanawa mikono, akaketi kungoja chakula kama mtu ambaye hakuulizwa kitu. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimwuliza swali gumu, ananawa mikono. Musimbi alikuwa ameishi na mikono hiyo safi kwa miaka ishirini, na ilikuwa imemchosha.

Jirani yao aliitwa Chemutai. Alikuwa mwenyeji wa Nandi, na mumewe alifundisha shule ya karibu. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika chama cha akiba na mikopo mjini. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanachama jinsi ya kupanga pesa zao. Musimbi alimweleza habari zote, naye Jumapili baada ya kanisa akaja kuwaamkua.

"Baba Eugene, nasikia unastaafu."

"Ndiyo, madam. Nimechoka."

"Kustaafu mapema si vibaya. Hata mimi natamani. Lakini mshahara ukikoma, ni nini kitaingia mahali pake kila mwezi?"

"Kitita."

"Kitita si mshahara. Mshahara ukiula, mwezi ujao unarudi. Kitita ukikila, kimekwenda."

"Lakini nitakuwa na mafahali wawili."

Chemutai alitazama kile kibanda. Meneja alikuwa anatafuna.

"Nyumbani kuna vitu vinavyolisha na vitu vinavyokula," alisema. "Wale kuku wanakula, lakini mayai yao yanazidi chakula chao. Kwa hiyo wanalisha. Sasa Meneja anawapa nini?"

"Jina, madam! Hata kule Shinyalu wananijua."

"Na mwalimu mkuu wa Selpher akitaka karo, utampa jina?"

Musimbi alicheka. Kisha akajikasirikia kwa kucheka, maana jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Philemon akishapeana jina lake ofisini, kazi haitarudi. Kitita kikiisha, Eugene angerudi nyumbani kabla ya kumaliza chuo. Selpher angefaulu mtihani na kukaa nyumbani akimkatia Meneja nepia. Kwa nini mtu mzima haoni jambo lililo wazi namna hii?

"Basi jaribu kwanza," Chemutai alisema. "Staafu, lakini usimwambie mkubwa wako. Nenda kazini kama kawaida. Mshahara wa mwezi huu ukitoka, weka wote kwa chama. Usiuguse. Mwezi wa sita wote mle kile nyumba hii inaleta. Mkifika mwisho bado mmesimama, peleka jina lako. Mimi mwenyewe nitakusindikiza."

"Ni hiyo tu? Hiyo ni rahisi!" Philemon alisema.

Hakuna watu wanaochosha kama wale wa "hiyo ni rahisi." Musimbi alichukua panga, akaenda kukata nepia.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Philemon alitembea akipiga mluzi. Wiki ya pili sukari iliisha.

"Mama Eugene, mbona chai iko hivi?"

"Umestaafu."

Kisha mafuta ya taa yakaisha. Selpher akawa anasoma nje ya mlango kabla jua halijazama. Eugene akaja kutoka Sigalagala akitaka pesa za mwiko wa uashi na pima maji. Aliondoka na pesa za mayai, na hazikutosha. Jioni hiyohiyo Philemon alikuja jikoni akikuna kichwa.

"Molasi ya Meneja imeisha."

"Na?"

"Anapigana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hawezi kupigana na majani tu. Nipe kidogo kwa pesa za mboga."

"Baba Eugene! Watoto wanakunywa chai bila sukari, na fahali anunuliwe molasi?"

"Akishinda utaona. Utakuja kunishukuru."

Philemon alinawa mikono. Musimbi akatoa pesa. Msimcheke. Ukibishana na mtu mmoja miaka ishirini, kuna siku unampa anachotaka ili anyamaze.

Jumamosi ilifika. Tangu asubuhi ngoma za isukuti zililia Khayega. Watu walijaa uwanjani, wengine wakapanda juu ya miti. Musimbi hakwenda. Alibaki nyumbani akipepeta mahindi, na moyoni alimwomba Mungu Meneja akimbie. Alijua si vizuri kuomba jambo kama hilo siku ambayo mumewe anajivunia. Aliomba tu.

Mungu hakumsikia. Meneja aligonganisha kichwa na fahali wa watu wa Malinya, akamsukuma, akamsukuma tena, mpaka yule mwenzake akageuka na kukimbia. Uwanja mzima ulilipuka kwa kelele. Philemon alibebwa mabegani. Zawadi ilikuwa noti chache tu. Kabla ya kutoka uwanjani, alikuwa ameshawatunza wapiga ngoma noti hizo zote.

Musimbi aliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuja wakiimba na kucheza, vumbi juu. Mbele yao alikuwa Osundwa, mpiga isukuti hodari, mwenye sauti kubwa kuliko ngoma yake.

"Mwenye fahali!" Osundwa aliita. "Mwenye fahali! Watu wako wana njaa!"

Kila mtu wa huko anaijua desturi hiyo. Fahali akishinda, wanaomsindikiza hawarudi kwao na njaa. Philemon aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini katika mipango yake yote, hakuwa amekumbuka hata mara moja kwamba mwenye kushinda ndiye hulisha.

Alimjia Musimbi polepole. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini lilikuwa limepungua.

"Mama Eugene, chinja kuku wawili tu."

Wawili wakawa watano. Watano hawakutosha. Osundwa mwenyewe alikula mapaja mawili na kuuliza kama firigisi iko. Jua lilipokuwa linazama, hakuna kuku aliyebaki, na unga wa wiki nzima ulikuwa umekwisha. Wageni walishukuru, wakaimba wimbo mmoja wa mwisho, wakaenda zao.

Musimbi alisimama katikati ya ua. Manyoya ya kuku yalikuwa kila mahali.

"Shitanda!" Hakuwahi kumwita hivyo. "Fahali akishindwa, analiwa. Wetu ameshinda, na ametula sisi! Wale kuku ndio walikuwa mafuta ya taa. Ndio walikuwa sabuni. Ndio walimpa Eugene kile kidogo. Leo wako kwa tumbo ya Osundwa! Na wewe unataka wa pili? Wakishinda wote wawili siku moja, watakula nani? Selpher?"

Philemon alikwenda kwenye mtungi kunawa mikono.

Mtungi ulikuwa mtupu. Wageni walikuwa wamemaliza hata maji.

Alisimama pale, mikono yake imejaa mafuta ya kuku. Kisha akaketi chini kando ya mtungi. "Nimekusikia, mama," alisema. Lilikuwa jibu lake la kwanza kwa swali gumu.

Siku ya pili yake, Philemon alikwenda mwenyewe kwa Chemutai.

"Madam, sikumaliza mwezi. Jina sitapeleka. Kwa hivyo mimi ni wa kufia ofisini?"

"Nani amesema?" Chemutai alimkaribisha kiti. "Ukifika miaka hamsini, unaweza kuomba kustaafu na pensheni yako. Si lazima ungoje hamsini na tano. Una miaka mitano ya kujipanga. Shida yako haikuwa kustaafu. Shida ni kwamba ulitaka kuacha mshahara kabla ya kupanda kitu cha kushika mahali pake."

"Nianze wapi?"

"Huyo Meneja. Leo bei yake iko juu, maana jana ameshinda. Akipigwa mara moja, ni nyama tu. Muuze, ununue ng'ombe wa maziwa. Rudisha kuku wa mama. Halafu mshahara: siku hizi unakulanga kwanza, halafu unatafuta kama kuna kitu kimebaki. Hakibakingi. Geuza. Akiba ikatwe kwanza iende kwa chama, hata kama ni kidogo, halafu mle kilichobaki."

"Na kama hakitoshi?"

"Mtaona ni nini kinakula bure, mtakiondoa."

Philemon alikohoa. "Ni Osundwa," alisema, na kwa mara ya kwanza mwezi huo Musimbi, aliyekuwa amemfuata akasimama mlangoni, alicheka bila kujikasirikia.

Meneja aliuzwa. Tajiri mmoja wa Shinyalu alimchukua na kumlipa Philemon vizuri. Philemon alilia, na tusimfiche. Akanunua ng'ombe wa gredi mwenye mimba, naye Musimbi akanunua kuku wapya. Shamba la nepia lilikuwepo tayari. Majani yalikuwa yaleyale, mdomo tu ndio uliobadilika.

Haikuwa rahisi. Wanaume wa soko walimcheka. "Shitanda, zamani ulikuwa na dume, leo unavuta chuchu!" walisema. Mwaka wa pili ndama wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wa kupe, kwa sababu Philemon alichelewa kumpeleka josho. Musimbi alipiga kelele siku hiyo pia. Lakini ng'ombe alikuwa bado anakamuliwa, na pesa ya maziwa iliingia kila wiki, pambano liwepo lisiwepo. Akiba ilikatwa kila mwezi, na baada ya muda Philemon akaacha kuiwaza. Kwa akiba hiyo walikopa pesa za kununua ng'ombe wa pili, wakalipa mkopo wote. Eugene alimaliza chuo, akawa fundi. Selpher aliingia sekondari na karo yake ikalipwa.

Mwaka wa 1999 Philemon alitimiza miaka hamsini. Safari hii hakuja akipiga kengele.

"Mama Eugene, tujaribu tena?"

Walijaribu miezi mitatu. Mshahara wote ulikwenda chamani. Nyumba ilikula maziwa, mayai, mboga na mahindi yake. Mwezi wa pili nyama ilikosekana, na Philemon akanung'unika. Sukari haikukosekana. Mwezi wa tatu ulipoisha walikuwa wamesimama. Basi Chemutai akatimiza ahadi yake. Alimsindikiza Philemon hadi mlango wa ofisi, naye akaingia akapeana jina.

Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu, isukuti zililia tena. Fahali wa mtu mwingine alikuwa ameshinda, na watu walikuwa wakimsindikiza kwa nyimbo. Musimbi alikuwa ametoa benchi nje ya lango na sufuria kubwa ya maziwa lala yaliyoganda. Jua lilikuwa kali. Watu walisimama wakanunua glasi moja moja.

Osundwa alikunywa tatu. Alipangusa masharubu, akamtazama Philemon kwa mapenzi.

"Mwenye fahali," alisema, "mimi na wewe tumetoka mbali. Mimi siwezi kulipia maziwa hapa, sivyo?"

Philemon alikwenda kwenye mtungi. Ulikuwa umejaa. Alinawa mikono polepole, vidole vyote, Musimbi akimwangalia kwa wasiwasi wa miaka mingi. Kisha akarudi, akanyoosha kiganja kilicholowa maji mbele ya Osundwa.

"Glasi tatu, ndugu yangu," alisema. "Lipa."