Shangazi Mwenye Mabega Mapana

Ukumbi wa mafundi cherehani, orofa ya kwanza ya jengo la soko, si mahali pa mtu mwenye haya. Mafundi kumi na wawili wamebanana mgongo kwa mgongo, pasi zinafuka mvuke, wateja wanajaribu nguo nyuma ya mapazia mafupi yanayoacha miguu yao nje, na kila fundi ana redio yake na maoni yake. Aliyezidi wote kwa maoni alikuwa binti wa meza ya tatu kutoka ngazini, aliyeitwa Fundi tu, kana kwamba wale kumi na mmoja wengine walikuwa wanacheza.

Nyimbo mpya alizipa alama ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Kipimo chake kilikuwa kimoja. Wimbo mzuri unashoneka, alisema, yaani mguu unakaa kwenye pedali bila kuyumba na mshono unatoka umenyooka. Wimbo mbaya unapindisha mkono wa shati. Wakati huo redio zote zilikuwa zimeshikwa na wimbo wa kijana aliyesahau moyo wake kwenye teksi, anamlilia dereva arudi. Fundi aliupa nne juu ya kumi na hakutaka kusikia rufaa.

Ijumaa moja asubuhi, ukumbi umefurika, mwanamume mrefu akasimama mbele ya meza yake. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu, na mkononi alishika kitambaa cha zambarau chenye maua makubwa kama sahani.

"Nataka gauni," akasema.

"La nani?"

"La shangazi yangu."

"Yuko wapi nimpime?"

Mwanamume akameza mate. "Ngazi zinamshinda. Lakini tumefanana umbo. Nipime mimi."

Fundi akayatazama yale mabega, mabega ya kubebea mlango. "Shangazi yako ana mabega haya?"

"Ni ya ukoo."

"Mpe pole." Akamzungushia futi kifuani. "Kifua?"

"Hapo ananizidi. Ongeza hivi." Akaonyesha kwa viganja vyote viwili. "Na nyuma pia. Ni mtu mwenye afya zake."

Upande wa pili wa ujia, muuza vifungo alikuwa na televisheni ndogo inayorudia kipindi cha vichekesho cha jana yake. Kila Alhamisi saa moja jioni watu wote walikitazama, na kila Ijumaa walikirudia. Kwenye kioo, Bi Ufunguo, mwenye nyumba mkali mwenye wigi na miwani mikubwa, alikuwa akiwafukuza wapangaji kwa sauti ya kukwaruza sufuria. Akajikwaa kwenye ndoo, akaanguka. Kicheko cha kuwekewa kikalipuka.

"Unaona?" Fundi akasema, pini mdomoni. "Mwandishi akiishiwa maneno anamwangusha mtu. Wiki hii ndoo, wiki iliyopita kiti. Na kicheko kinatangulia mzaha, kama mgeni aliyefika kabla ya chakula kuiva."

"Lakini watu wanampenda Bi Ufunguo," yule bwana akasema, kwa sauti iliyopungua kidogo.

"Wanampenda kwa sababu hawajamwangalia. Mwanamume yule anayemwigiza anashika pochi kama ameokota tofali. Mwanamke anapokaa anajua gauni lake liko wapi. Yeye anakaa kama anateremka kwenye lori."

Wewe umeshaelewa. Fundi hakuelewa, na usimcheke, maana mtu aliyesimama mbele yake hakuwa na wigi, wala miwani, wala mito miwili iliyofungwa kwa mikanda, na sauti yake ilikuwa nzito na ya upole. Alimpima Bi Ufunguo mwenyewe, kiuno na nyonga, akamwandikia tarehe ya kuchukua nguo. Yule bwana aliomba wapeane namba za simu, kwa ajili ya gauni, alisema, na Fundi akaiandika yake chini ya jina Mpwa.

Mpwa akapiga Ijumaa iliyofuata, mapema, redio za ukumbini hazijawashwa.

"Fundi wangu, jana umetazama?"

"Nani kakuambia mimi ni wako?"

"Gauni langu liko kwako. Mimi na gauni tumekuja pamoja. Umetazama?"

Alikuwa ametazama. Bi Ufunguo hakuanguka hata mara moja, na alipokaa alikusanya gauni kwanza. "Wamepata akili," Fundi akasema. "Sijui nani kawashtua." Upande wa pili wa simu kukawa na furaha kubwa, naye akadhani ni furaha ya kuongea na yeye, na kwa hilo hakukosea sana.

Basi ikawa hivyo kila Ijumaa, halafu na Jumatatu, halafu siku haikupita. Walibishana. Mpwa aliutetea wimbo wa teksi kwa moyo wote.

"Kiitikio kinarudi mara kumi na moja, nimehesabu," Fundi alisema.

"Mtu aliyesahau moyo wake aseme mara ngapi? Mbili?"

"Aseme namba ya gari. Angeshaupata."

Mpwa alicheka mpaka akakohoa. Fundi, aliyeapa kwamba mwanamume wa maneno mengi hamfai, akaanza kupaka wanja hata siku za kwenda kununua uzi tu. Gauni lilichukuliwa, shangazi akalisifu mno, na mpwa akaendelea kuja bila sababu yoyote ya kitambaa. Jioni alimsindikiza hadi kwenye geti la nyumbani, akasimama na kuondoka kwa shida. Kuhusu kazi yake alisema anaandika "mambo ya ofisi". Fundi hakumbana. Alikuwa amependa, na mtu akipenda maswali humpungua.

Katika mojawapo ya jioni hizo ndipo Fundi alipomsimulia Mpwa habari za baba yake.

Baba yake alikuwa Mwalimu, mstaafu, kiongozi wa kwaya kwa miaka ishirini na tisa. Kila Jumamosi, kabla ya mazoezi, aliwaambia wanakwaya, "Nyimbo za siku hizi si nyimbo, ni kelele zilizolipiwa." Kila asubuhi, mlango wa bafu umefungwa na maji yanatiririka, mzee huyo huyo aliimba wimbo wa teksi tangu mwanzo hadi mwisho, vibwagizo vyote, akijiongoza kwa mswaki.

"Kwa mswaki?" Mpwa akauliza.

"Nilimwona siku moja mlango haukufunga vizuri. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

Alhamisi mbili baadaye, baba na binti walikaa mbele ya televisheni kama kawaida. Bi Ufunguo akaingia na gauni jipya, zambarau, maua kama sahani. Fundi aliuona mshono wa bega kabla hajauona uso. Mtu hasahau bega alilolishona mara mbili kwa sababu mara ya kwanza lilikataa. Akatazama mikono, akatazama shingo, na chini ya wigi akamwona Mpwa wake.

Hajapata hata muda wa kushangaa, mpangaji mpya akaingia kwenye mchezo, mwalimu wa kwaya. "Nyimbo za siku hizi," yule mpangaji akasema, "si nyimbo, ni kelele zilizolipiwa." Kisha akajifungia bafuni, akaufungua mdomo kumlilia dereva wa teksi, mswaki ukipanda na kushuka, huku Bi Ufunguo amebandika sikio mlangoni.

Kilikuwa kichekesho kizuri, na hilo ndilo lililouma zaidi. Baba yake aliinuka, akasema amechoka, akaenda kulala kabla ya chakula cha usiku.

Ijumaa asubuhi Fundi ndiye aliyepiga.

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo, Fundi wangu."

"Nilimwona jana. Gauni limemkaa."

"Nilitaka kukuambia," Mpwa akasema. "Siku ya kwanza nilishikwa na aibu, ulivyonisema. Halafu nikaogopa ungeacha kuniambia ukweli. Yote uliyonikosoa nimeyafanyia kazi."

"Shangazi wa uongo nakusamehe. Ningecheka. Lakini baba yangu je?"

"Nilidhani utafurahi. Ni mtu mzuri kuliko wote tuliowahi kumwandika."

"Nilikuambia wewe. Sikuiambia nchi nzima." Akakata simu. Siku nzima alishona mishono ya kupinda na redio imezimwa.

Jumamosi Mwalimu alirudi kutoka mazoezini kabla ya saa yake. Alipoinua mkono kuanzisha wimbo, wanaume wote wa sauti ya nne walikuwa wameshika miswaki. Ulikuwa utani wa watu wanaompenda, lakini yeye aliweka vitabu mezani na kusema watafute kiongozi mwingine. Tangu siku hiyo bafuni ikasikika sauti ya maji tu. Fundi aliisikiliza kila asubuhi akiwa jikoni, akajiona mwizi. Kumwambia baba yake ni yeye aliyesema, mdomo ulikataa. Simu za Mpwa alizihesabu zikiita, hadi thelathini, akaacha kuhesabu.

Jumapili ya pili, mchana, geti likagongwa. Mwalimu akafungua mwenyewe. Fundi, akiwa ndani na sinia la chai, akasikia sauti nzito na ya upole ikisema shikamoo.

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni Bi Ufunguo, Mwalimu."

Geti likasikika likifunguliwa lote. "Karibu ndani, Bi Ufunguo," Mwalimu akasema.

Mpwa akakaa ukingoni mwa kiti. Shati lake siku hiyo lilipigwa pasi pande zote. Akasema alikuja kuomba radhi, kwamba alichukua kitu cha mtu nyumbani kwake akakipeleka sokoni bila kumuuliza. Tayari alikuwa ameomba kituo cha televisheni kipande kile kisirudiwe tena.

"Nani alikuambia habari za mswaki?" Mwalimu akauliza.

Fundi akasimama kwenye mlango wa sebule. Mpwa alimwona, na haraka akageuza macho.

"Hakuna aliyeniambia, Mwalimu. Nilikuwa napita njiani asubuhi, nikakusikia na kukuona dirishani."

Mwalimu akalifikiria hilo taratibu, kama mtu anayesahihisha daftari.

"Bafu letu halina dirisha," akasema.

Mtu wa kuandika uongo kwa mshahara, na siku ya shida uongo wake wote ulikuwa umekwisha.

"Ni mimi, baba," Fundi akasema. Akaweka sinia chini. "Nilimwambia mimi."

"Najua. Watu waliowahi kuuona mswaki ule ni wawili, na mmoja ni mimi." Mzee hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Kuchekwa na kwaya si kitu. Nimewacheka wao miaka ishirini na tisa. Nilichokuwa nawaza kila asubuhi ni kwamba kumbe humu ndani, jikoni, mwanangu amekuwa akinicheka."

"Sikukucheka." Machozi yalikuwa yameshamfika na hakuyafuta. "Tangu mama aondoke nyumba hii ilikuwa kimya. Ukianza kuimba najua umeamka vizuri, nami naweza kwenda kazini bila wasiwasi. Nilimwambia kwa sababu naipenda sauti ile kuliko nyimbo zote, na nilitaka mtu mwingine ajue nina kitu kama hicho. Nisamehe, baba."

Mwalimu akatazama chini. Akatoa leso, akajifuta pua kwa muda usio wa lazima. Kisha akamgeukia mgeni, na uso ukamrudia ule wa mazoezini.

"Na yule aliyeniigiza. Kiitikio cha pili aliingia mapema."

"Mapema, Mwalimu?"

"Nusu pigo. Na sauti aliibana puani. Wimbo ule ni mgumu, watu hawajui. Yule kijana analia juu, ngoma inatembea chini, na wewe uko katikati. Simama. Nyoosha mgongo, hapa huna gauni."

Mpwa akasimama. Alikuwa na sauti mbaya, na Mwalimu alimwambia hivyo, mara nne. Walimlilia dereva wa teksi sebuleni, mzee na mgeni, hadi chai ikapoa, na Fundi aliyeupa wimbo ule alama nne alijikuta amekaa sakafuni anauimba nao, kiitikio chote, mara zote kumi na moja.

Jua lilikuwa linapungua alipomsindikiza Mpwa getini.

"Dirisha," akamwambia. "Mtu mzima na mabega yake. Dirisha?"

"Nilikuwa na sekunde mbili."

"Ulitaka kubeba kosa langu."

"Lilikuwa letu." Akashika nondo ya geti, akaiachia. Pale ambapo siku zote angetia mzaha, hakutia. "Nataka kukuoa. Nimelisema vibaya njia nzima nikija, sasa limetoka lenyewe."

Fundi alimtazama vizuri, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kutia mkasi. Alimpenda, hilo halikuwa na mjadala. Kilichomtisha kilikuwa ni Alhamisi, hii na zote zitakazofuata.

"Nikikuambia jambo jikoni, litakaa jikoni?"

"Litakaa."

"Hata likichekesha?"

Mpwa alisita kidogo, na Fundi akampenda zaidi kwa kusita kule, maana ahadi aliyoipima ilikuwa inamgharimu. "Hata likichekesha," akasema.

"Basi, ndiyo. Lakini asijue mtu hata mmoja mpaka nimwambie baba mwenyewe, kesho."

Akamfungulia geti, akalirudisha, akabaki nyuma yake anasikiliza. Nje, mama jirani alikuwa anafagia mbele ya mlango wake, mwanamke ambaye habari ikimfikia imefika kwa wote.

"Mwanangu, mbona uso wote meno? Kuna nini kwa Mwalimu leo?"

Fundi akabandika sikio getini. Kichekesho kizima kilikuwa mdomoni mwa yule mtu, na mtazamaji wake amesimama mbele yake na ufagio.

"Hakuna kitu, mama," Mpwa akasema. "Nilikuja kunywa chai."