Kiti cha Marehemu Gligor

Leontina alipumua kwenye kioo cha dirisha, kikafanya ukungu, akaufuta kwa kiganja. Shibiri moja pembeni pakafanya ukungu wa pili, na huo hakuupumua yeye.

Alidhani ni pumzi ya Bibi Saveta, lakini Bibi Saveta alikuwa kiti cha mkabala, kainamia mapaja yake, anamenya yai. Leontina akaufuta na huo pia, akajisemea kwamba mtu asiyelala siku mbili hapaswi kuamini hata macho yake mwenyewe.

Basi la kutoka Italia lilimshusha Timișoara usiku wa manane, na alfajiri akapanda treni hii inayokatiza nchi nzima mpaka Iași. Ulikuwa mwezi wa kumi, watu wanakwenda kuhiji kwa mtakatifu wa huko, mabehewa yamejaa hadi mlango wa choo, na tiketi aliyopata ilikuwa ya kusimama. Hakujali. Kule Italia alikuwa ameogesha wazee wa watu kwa miaka mitatu, na mara mbili alimwahidi binti yake kwamba anakuja, na mara mbili hakutokea. Safari hii Smaranda, mwenye miaka minane, alimwambia kwenye simu bila kulia, "Usiposhuka Dorna siku hiyo, usinipigie tena." Maneno hayo alikuwa nayo kifuani tangu mpakani, na alikuwa tayari kusimama hata kwa mguu mmoja ili mradi ashuke Dorna, kituo cha kwao.

Alisimama mpaka Arad. Ndipo Bibi Saveta alipomwita kutoka ndani ya chumba cha abiria.

"Wewe mwenye koti la kijani. Njoo ukae."

"Hakina mtu, bibi?"

"Kina mtu wangu, Gligor. Kafa wiki ya tatu leo, na tiketi alishakata mwenyewe. Kila mwaka tulikwenda kwa mtakatifu pamoja, yeye dirishani, mimi hapa. Nakupa kiti hiki kwa ajili ya roho yake."

Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na mlango akacheka. "Kufa kufaana, dada. Kaa upumzishe miguu."

Kwao jambo hilo halina ajabu. Unachompa aliye hai kwa jina la maiti, maiti hukikuta kule aliko, kiwe koti, ndoo au kiti. Anayepokea hasemi asante. Husema, "Mungu amsamehe," na Leontina, aliyelelewa vizuri, aliyasema hayo na kukaa. Lakini kitu cha namna hiyo hutolewa pamoja na mshumaa unaowaka, ili marehemu aone njia ya kukifuata. Bibi Saveta mshumaa alikuwa nao, mwembamba wa manjano, wa kanisani. Kiberiti kilipolia tu, kondakta Nistor akachomoza kichwa.

"Bibi, moto marufuku humu. Kibao hicho hapo."

"Ni kwa ajili ya maiti, mwanangu."

"Maiti mmoja yupo, unataka kuniongezea behewa zima?"

Abiria wakacheka. Bibi Saveta akampa Leontina mshumaa ukiwa umezimika. "Gligor ataelewa," alisema. "Sheria za reli alizipenda kuliko mimi." Kisha akaweka kopo la peremende kwenye ukingo wa dirisha. Zilikuwa za marehemu, naye enzi za uhai wake alizimumunya safari nzima zikigongana na meno yake ya bandia, tk, tk, mpaka watu wakamchukia.

Baada ya Cluj, yule mwanamume wa karibu na mlango aliinuka akaenda kusimama koridoni. Alisema chumba kina baridi kama ghala la viazi. Baadaye mkewe akamfuata, kisha dada wawili wenye rozari. Watu wenye viti vyao wakachagua kusimama, na wenye tiketi za kusimama wakachungulia viti vitupu wasiingie. Leontina aliliona hilo, akalipuuza, kwa sababu mtu mwenye hamu ya kufika haoni kingine.

Kisha akaisikia. Tk. Kimya. Tk, tk. Ilitoka karibu na sikio lake la kushoto, pamoja na harufu ya peremende na sufu iliyolowa. Akamtazama Bibi Saveta. Mdomo wa bibi ulikuwa wazi, na ndani yake yai halijatafunwa.

"Bibi," alinong'ona Leontina, "unakula peremende?"

"Sili."

"Nani anakula, basi?"

Treni ilishaacha bonde, inapanda milima ya Dorna, na kule mahandaki ni mengi. Taa hazikuwaka walipoingia la kwanza, giza likamwagika chumbani, na katika giza hilo Leontina akahisi vidole vikiingia katikati ya vidole vyake, kimoja kimoja, polepole, kama vya mzee anayetafuta mahali pa kushika ngazi, vya baridi ya kisima, na uzito ukamlalia begani na pajani, ukambana kwenye kioo, akataka kupiga kelele na pumzi ikakataa kutoka, na sauti ya mwanamume, yenye kitu mdomoni, ikasema taratibu kabisa, bila hasira, "Saveta, mbona giza?"

Handaki likaisha. Mkono wa Leontina ulikuwa peke yake juu ya kiti, lakini vidole vimepanuka, na hakuweza kuvikunja wala kuuinua.

"Umemsikia," alisema Bibi Saveta. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Bibi, amenishika. Umenifanyia nini?"

"Nilikwenda dukani kununua mkate. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti chake, amepoa. Amekufa bila mtu wa kumshikia mshumaa, mwanangu, na anayekufa hivyo hukaa gizani. Nikasema nimpe kiti, labda atatulia. Nami nikampa bila mwanga. Sasa kaja kwenye kiti chake, haoni kitu, kashika alichokipata."

"Mwambie aniache. Nashuka Dorna. Mwanangu ananisubiri."

"Kwani anasikia? Angekuwa anasikia, angekwisha kuniacha hata mimi."

Leontina alijaribu kusimama, mara mbili, akarudishwa chini mara mbili. Akaanza kulia. Aliogopa maiti, ndiyo, lakini zaidi aliogopa kituo kinachokuja.

Bibi Saveta akamwita kondakta. Nistor akaja na sheria zake. "Bibi, tumeshaongea. Nikiruhusu moto humu, kesho nafukuzwa kazi nikachunge kondoo."

"Mguse mkono huyu."

"Sina haja ya kumgusa mkono mke wa mtu. Nimesema hapana, na..."

"Tiketi ninayo," ilisema sauti kutoka kwenye nafasi tupu kati ya Leontina na dirisha. Tk.

Nistor alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akafunga mlango, akavuta pazia, akatoa kiberiti cha gesi mfukoni. Moto ukashika mara ya tatu. Bibi Saveta akakunja vidole vya Leontina kwenye mshumaa na kusema maneno yaliyopaswa kusemwa Arad: "Kiti hiki na mwanga huu, kwa Gligor."

"Mungu amsamehe," alijibu Leontina, meno yakigongana.

"Sasa uache uishe wenyewe mkononi mwako," alisema bibi. "Akishaona njia yake, atakwenda. Ukisimama kabla haujaisha atasimama nawe, maana ni wewe uliyemshikia mwanga. Atakufuata mpaka nyumbani kwako."

Leontina aliutazama mshumaa. Ulikuwa bado na urefu wa kidole.

"Dorna ni bado dakika ngapi?"

"Sita," alisema Nistor, akiangalia chini. "Tunasimama dakika mbili. Siwezi kuishika treni, dada. Ningeweza ningeishika."

Treni ikapunguza mwendo. Uzito ulikuwa umelegea, miguu yake inamtii tena, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa sasa angeweza kushuka. Akamwona Smaranda jukwaani, amevaa koti la mvua la manjano, amerefuka, kando yake mama yake mdogo, Aglaia. Mtoto alikuwa ameinua kipande cha boksi kilichoandikwa MAMA. Leontina alijua kwamba hatasamehewa kwa urahisi, pengine miaka, pengine kamwe. Alijua pia kwamba kitanda cha Smaranda ni kimoja, na usiku huo wangelala wote wawili humo, na hakutaka wawe watatu. Akakaa.

Mbele yake, kwenye ukungu wa kioo, pakafutika duara pana la kiganja, lililofutwa kutoka ndani. Smaranda akageuka. Akamwona mama yake, akaangusha boksi, akapunga mkono, na Leontina akapunga mkono usio na mshumaa akilia kwa sauti, hata asiangalie vizuri kwamba macho ya mtoto yalikuwa yakitazama pembeni yake kidogo, kushoto.

Milango ikafungwa. Treni ikaondoka. Mshumaa uliendelea mpaka nta ya moto ikamgusa kidole, ukazimika, na ndipo Leontina akagundua kiti ni chepesi na cha joto. Harufu ilikuwa imekwisha. Bibi Saveta akajifanyia ishara ya msalaba.

"Ameona," alisema. "Gligor wangu ameona njia."

Nistor akafungua dirisha moshi utoke. Akasema Câmpulung, kituo kinachofuata, hakiko mbali, na kwamba yeye mwenyewe atamtafutia gari la kumrudisha Dorna usiku huohuo. Leontina akamshukuru. Alihisi amechoka, na chini ya uchovu huo palikuwa na furaha ndogo, ya mtu aliyelipa kitu kikubwa na kupata alichotaka. Wala hakujiuliza kwa nini ukingo wa dirisha ulikuwa mtupu, kopo la peremende halipo.

Simu ikalia. Alikuwa Aglaia, na hakuanza kwa salamu. "Tatu hizi, Leontina. Mara tatu. Safari hii umempungia kabisa, kama malkia. Ongea naye mwenyewe, mimi sina la kumwambia."

"Mama," alisema Smaranda.

"Mwanangu, nisamehe. Nakuja usiku huu, nitakueleza."

"Sijakasirika. Babu kaniambia hukuweza kusimama." Tk.

Leontina aliibana simu sikioni. "Una nini mdomoni?"

"Peremende. Kanipa babu aliyeshuka kwenye behewa lako. Kasema ni kwa ajili ya roho ya Gligor."

"Nawe ukamjibuje?"

"Vizuri, kama ulivyonifundisha. Nikasema Mungu amsamehe." Tk, tk. Kisha mtoto akashusha sauti, kama asiyetaka kumvunjia mgeni heshima. "Mama mdogo anasema haoni babu yeyote. Lakini kanishika mkono, mama, na mkono wake ni wa baridi, na sasa hivi tunaingia nyumbani."