Kitendawili cha Jukwaa la Padma

Kila Alhamisi Titir alipotoka shule alivua viatu, akanawa miguu, kisha akaketi barazani katikati ya wazee wawili. Upande huu alikuwa bibi yake, Hemlata, akisaga haradali kwenye jiwe. Upande ule alikuwa Bibi Nonibala wa mtaa wa pili, na bakuli la bisi za mchele mapajani. Hapo ndipo vitendawili vilipoanza. Aliyeshindwa kujibu alinyang'anywa bisi konzi nzima, na Titir, japo alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, alikuwa amekwisha kula bisi nyingi za wakubwa.

Wote watatu walikuwa Padma. Katika mji wa Katwa mtu hakuulizi ukoo wako kwanza, anakuuliza wewe ni Padma au Ajay. Timu ya Padma ni ya wale ambao wazee wao walivuka mpaka kutoka mashariki, na samaki wao ni ilish. Timu ya Ajay ni ya wenyeji, na kitoweo chao ni kamba wakubwa wa mtoni. Ilish ana miiba kama brashi, kwa hiyo watu wa Ajay huwaita wenzao wala miiba. Watu wa Padma nao hujibu kwa kuwaita wala maganda. Siku ya mechi wengine huja uwanjani wamening'iniza samaki kwenye fimbo, na atakayefungwa hunusa harufu ya chungu cha mwenzake mpaka asubuhi. Watani wa jadi ndivyo walivyo.

Sasa, Bibi Nonibala alikuwa na mwana, jina lake Nirmal. Nirmal aliichezea Padma mpaka goti likamwisha, kisha Ajay wakamwita awe kocha wao, naye akaenda. Mji mzima ulishika vichwa. Lakini mama yake hakuhama. Kila mechi alikaa palepale, mstari wa pili wa jukwaa la Padma, mwavuli mkononi, akimkemea mwanawe kwa haki kabisa: amtoe beki yule, amechoka, haoni? Watu walicheka, na Nirmal mwenyewe huko pembeni alicheka.

Mechi ya kwanza ya msimu, Titir alitunga shairi. Vina vilimjia njiani, akampa Bapi, kijana mpiga ngoma mkubwa wa Padma, na Bapi akalipigia ngoma:

Nirmal mroho wa kamba,
timu yetu kaiuza;
mpe sahani ya pili,
na mamaye atauza.

Kufika mapumziko jukwaa zima lilikuwa likiimba, watu elfu mbili kwa sauti moja. Nirmal alisimama pembeni mwa uwanja, kichwa chini. Titir alijiona amerefuka kama mnazi. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yakitikisa mabati ya paa. Hakugeuka kutazama mstari wa pili.

Alhamisi iliyofuata Bibi Nonibala hakuja barazani. Na Alhamisi iliyofuata tena hakuja. Bibi Hemlata akaona haiwezekani, akafunika bakuli la mchuzi, akaenda kumjulia hali. Aliporudi alitembea polepole.

Alisimulia kwamba Nonibala amefunga dirisha lake linalotazama uwanja na hataki kulifungua. Akienda bombani kuteka maji, watoto humwimbia wimbo ule. Hata muuza maziwa alimuuliza kwa mzaha kama ameshapata mnunuzi. Binti yake aliyeolewa mjini Siliguri amemwambia ahamie kwake, naye amejibu kwamba atasubiri fainali ya Padma na Ajay tu. Wakiimba tena siku hiyo, kesho yake atafunga mizigo na Katwa haitamwona tena.

"Mtu aliyevuka mto na furushi la nguo tu, akaja kujenga hapa," Bibi Hemlata alisema. "Leo anafukuzwa na wimbo. Na wimbo wenyewe umetoka jukwaani kwetu."

Titir alitazama vidole vya miguu yake. Moyo ulimwambia anyamaze, maana hakuna aliyejua mtunzi isipokuwa Bapi. Lakini bibi yake alikuwa amekaa pale peke yake na nafasi tupu ubavuni, na Titir hakuweza kuivumilia ile nafasi.

"Bibi, wimbo ule ni wangu."

Bibi Hemlata hakumpiga wala hakumfokea. Alimaliza kusaga haradali, kisha akamwambia habari za baba yake yeye Hemlata, ambaye zamani alishindana kwa mashairi kwenye magulio. Washairi wawili walisimama mbele ya watu. Mmoja alimcheka mwenzake pua, kanzu, na mapishi ya mkewe, lakini akimaliza sharti aketi chini na kumwachia mwenzake ajibu. Hapo ndipo watu walipocheka kwa raha.

"Sasa niambie," akasema, "Nirmal atawajibu nini watu elfu mbili? Na mama yake je?"

Kesho yake Titir alimfuata Bapi kwenye banda la klabu akamwomba wimbo usiimbwe fainali. Bapi na wenzake waliangua kicheko. Walimwambia wimbo ukishatoka umetoka, hauna mwenyewe, na tena ndio silaha yao kubwa. Bapi akaongeza kwamba akiuacha, wale wa nyuma watauanzisha wenyewe. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Titir zaidi. Alikuwa ametunga kitu ambacho hata yeye hakuweza kukizuia.

Alirudi nyumbani analia. Bibi Hemlata alimfuta machozi kwa ncha ya sari yake.

"Hutaweza kuwaziba watu midomo," alimwambia. "Mtoto mwenye pipi mbovu mdomoni humnyang'anyi, unamwonyesha nyingine tamu zaidi. Wape kitu kitamu. Na safari hii kiwe kitu chenye pande mbili."

Basi wakakaa wakatafuta, na walichopata kilimfanya Titir aamke alfajiri kwenda mtaa wa Ajay. Huko alikaa Rupsha, mwanafunzi mwenzake, ambaye kaka zake ndio walioongoza ngoma za Ajay. Rupsha alimpokea mlangoni mikono kiunoni.

"Mla miiba umepotea njia?"

"Nimekuja kuwapa silaha, mla maganda," Titir alijibu. "Mkiweza kuitumia."

Rupsha alimsikiliza kwanza kwa kushuku, halafu kwa macho yanayong'aa. Shabiki gani anakataa kupewa njia ya kuwaaibisha watani wake? Titir alimpa vitendawili viwili. Cha pili alimwambia akiweke mpaka mapumziko.

Siku ya fainali mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na uwanja ulikuwa tope tupu. Majukwaa yote mawili yalifurika. Bibi Hemlata alikaa mstari wa pili, na pembeni yake aliweka mwavuli uliokunjwa ili mtu asikae. Nyuma ya ukuta wa uwanja, dirisha la Bibi Nonibala lilikuwa limefungwa.

Ajay walifunga bao dakika za mwanzo. Jukwaa la Padma lilinuna, kisha Bapi akainua fimbo za ngoma. Titir aliyajua mapigo yale. Watu wakaanza: Nirmal mroho wa kamba...

Kabla hawajafika mstari wa pili, ngoma za Ajay zililipuka upande wa pili, na sauti kali ya Rupsha ikapaa kupitia kipaza sauti cha bati.

"Wala miiba, kitendawili!"

Jukwaa la Ajay likakiimba lote kwa pamoja: "Ana sindano elfu moja, hajawahi kushona kifungo."

Wimbo wa Padma uliyumba. Wengine waliendelea kuimba, wengine waligeukiana. Watu wa Ajay walianza kupiga makofi ya polepole, yale ya kumhesabia mtu aliyeshindwa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aligeuka akamwambia Bapi kwa uchungu kwamba wanaaibika, wajibu. Bapi aliacha ngoma.

"Titir, wewe si ndiye bingwa wa haya? Ni nini?"

"Ni samaki wetu, kaka Bapi."

"Ilish!" Bapi akapaza, na jukwaa zima likaunguruma pamoja naye. Sasa ilikuwa zamu yao, na nani angerudia wimbo wa zamani wakati watani wanasubiri kipigo? Titir alipanda juu ya benchi.

"Akiwa hai huvaa kijivu, akifa huvaa nyekundu kama bibi harusi."

Upande wa pili walikuna vichwa kidogo tu, kisha wakajibu kwa kishindo kwamba ni kamba chunguni. Hata wachezaji waliokuwa wakirusha mpira walitabasamu. Nirmal aliinua kichwa, akatazama huku na huku kama mtu asiyeamini masikio yake.

Padma wakasawazisha. Wakati wa mapumziko Rupsha akatoa kile cha pili, na Ajay wakakiimba polepole, neno kwa neno, ili kichome:

"Mlivuka naye mto bila kumlipia nauli. Mlinzi wa mpaka hakumwona. Na hata leo hutaja kwao mtu kabla mwenyewe hajajitaja."

Mmoja alisema ni kivuli, akazomewa. Mwingine akasema ni njaa. Ajay walianza makofi yao ya polepole. Kitendawili kinachohusu wazee wa Padma, na Padma hawakijui. Bapi alipita mstari kwa mstari akiuliza, jasho likimtoka. Bibi Hemlata alitikisa kichwa, akasema yeye mwenyewe kimemshinda tangu mwaka jana.

"Yuko anayejua," Titir alisema. "Ni mmoja tu, ndiye aliyekitega. Ndiye yule tunayeimba kwamba atauzwa."

Bapi alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Alitazama mahali penye mwavuli, akatazama ukuta wa uwanja. Kisha akavua mkanda wa ngoma, akashuka, akapita geti dogo hadi chini ya lile dirisha, Titir nyuma yake. Aligonga ubao kwa upole.

"Mama mkubwa," alisema, "ni Bapi. Nisamehe. Tulikuwa tunakuimba wewe, nasi tulikuwa tunakula mchuzi wako kila sikukuu. Sijui tulifikiri nini."

"Na wimbo niliutunga mimi, Bibi," Titir akasema. Alisema haraka, kabla ujasiri haujamkimbia. "Nisamehe na mimi."

Ndani komeo lilisikika likivutwa, na uso wa Bibi Nonibala ukachungulia. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa ukitetemeka kama wa mtu anayezuia kicheko.

"Nimekaa humu ndani nawasikia mkisema njaa," alisema. "Njaa! Ni lafudhi yetu, enyi vichwa vigumu. Ukifungua mdomo tu sokoni, mtu anajua umetoka ng'ambo. Nani mwingine alivuka bila nauli?"

Alitoka na mwavuli wake. Alipoingia jukwaani akiwa ameshika mkono wa Bapi, watu walisimama mstari baada ya mstari, na jibu likaimbwa mara tatu kwa lafudhi ileile ya mashariki, kwa kukusudia kabisa, mpaka upande wa Ajay wakaanza kupiga makofi ya kweli. Nirmal alimwona mama yake. Aliunganisha viganja akainama kutoka ng'ambo ya uwanja wote.

"Usiniinamie mimi," mama yake alipaza sauti. "Winga wako wa kulia amelala!"

Hakumwamsha kwa wakati. Padma walifunga bao la ushindi kupitia upande uleule wa kulia, mpira ukiteleza kwenye tope mpaka wavuni, na jukwaa likawa kama sufuria iliyochemka ikafurika. Bibi Nonibala alimkumbatia Titir, akampiga kofi dogo la shavu, kisha akambusu palepale. Kuhusu Siliguri alisema binti yake atapelekewa salamu, basi.

Watu walipoanza kumiminika barabarani na ilish zao kwenye fimbo, Bibi Hemlata alimshika mjukuu wake bega.

"Umeona? Wametaniana siku nzima na hakuna atakayelala akilia, ila Nirmal kwa bao alilofungwa. Mtanie mtu anayeweza kukujibu, mjukuu wangu. Ukiona hawezi kujibu, huo si utani tena, ni uonevu, hata ukiwa na vina vizuri. Na ukikosea, usingoje wakutafute. Nenda mwenyewe, kama ulivyokwenda leo."

Titir alisema amesikia. Mbele yao Bapi alikuwa amejifunga tena ngoma, Rupsha na kaka zake wakimjibu kutoka ng'ambo ya barabara, na Titir akakimbia kuwahi zamu yake.