Kidonge cha Wazee

Sisimizi ndio walioanza. Kwandu aliwakuta wametapakaa mbele ya kibanda cha mizimu uani, miguu juu, wazima lakini hawana habari. Kuku akawadonoa, akapepesuka kidogo, akalala kifudifudi juu ya kinyesi chake mwenyewe.

Kwandu alicheka. Hakucheka tena mwaka ule.

Mumewe, Bulugu, mnunuzi wa ng'ombe, alikuwa ametekwa na majambazi kabla ya hapo, katika msitu wa Biharamulo. Walimuua mwenzake, na Bulugu akajificha chini ya maiti hadi kulipokucha, huku majimaji ya maiti yakimdondokea mdomoni. Tangu hapo, akifumba macho tu, alipiga ukelele uliosikika nusu ya kata yao ya Nyantakara. Mtendaji wa kata alilalamika kwamba unavuruga vikao vyake, ingawa watu walivihudhuria ili wasinzie.

Tabibu Pancras wa zahanati hakujisumbua kuuliza mgonjwa aliona nini. Alikuwa na kopo moja la vidonge vya usingizi, na kwa bahati njema kila aliyeletwa akiwa amevurugikiwa akili alihitaji vidonge hivyo hivyo.

"Mpe asubuhi na jioni," alimwambia Kwandu. "Akitulia, amepona."

Bulugu akavikataa. "Mama Wema, nikilala mimi, mlango atashika nani?"

Basi Kwandu akavisaga, akavikorogea kwenye kibuyu cha rubisi, maana pombe ya ndizi mumewe hajawahi kuikataa. Alichosahau ni kwamba Bulugu, kama marehemu baba yake waliyehama naye kutoka Shinyanga, haonji kabla ya mizimu ya wazee. Kila siku alimimina kibandani kwanza, ndipo akanywa.

Ukelele ukakoma. Pancras akaandika "amepona", na mtendaji akampongeza kwa kurejesha amani ya kata.

Kisha ikaja harufu. Mwanzoni ilikuwa kama ya panya aliyefia darini, baadaye ikawa nzito, tamu, ya kuganda kooni. Mchana mmoja Kwandu aliingia na uji akamkuta mumewe chali, mdomo wazi, godoro limedidimia pande zote za mwili wake kana kwamba kuna mtu aliyemlalia, na kutoka hewani, mahali pasipo na kitu, tone la manjano zito kama usaha likajikusanya, likaning'inia, likadondoka kinywani mwake, naye akalimeza usingizini, akalamba midomo, akaachama zaidi kama kinda linalolishwa, huku nzi wakitambaa polepole juu ya mgongo ambao Kwandu hakuuona.

Alitapika pale pale, juu ya uji.

Bibi Genoveva, aliyeimba kwaya Jumapili na kupunga majini siku nyingine zote, alifika, akanusa, akaenda moja kwa moja uani. Akatega sikio kwenye nyasi za kibanda.

"Mwanangu," alinong'ona, "umewapa nini?"

"Akina nani, bibi?"

"Wazee. Wanakoroma."

Kwandu akaeleza habari ya vidonge. Bibi akasonya.

"Mumeo alikuwa kengele. Kile kitu kilichomfuata toka msituni kikija, alipiga kelele, wazee wakaamka kukifukuza. Sasa umewalaza wote, mlango uko wazi. Mwaga hicho kibuyu! Wape rubisi safi, uwaite kwa majina, kabla hakijamaliza kuingia."

"Lakini tabibu alisema dozi isikatizwe."

"Dozi ya nani? Ya mumeo au ya baba mkwe wako?"

Kwandu akamimina rubisi safi, akaita jina baada ya jina hadi sauti ikamkauka. Jua lilikuwa bado juu ya migomba ukelele ulipopasuka, mkali, wa kuchana masikio, kama ule wa zamani. Akapiga magoti kwa furaha.

"Bibi, amerudi! Baba Wema amerudi!"

Genoveva alikuwa anarudi kinyumenyume, macho yamemtoka, akitazama mlango wa nyumba. Kwandu akageuka.

Bulugu alikuwa amesimama kizingitini, ametulia kiasi cha kumfurahisha tabibu yeyote, mashavu yametuna, anatafuna kitu laini taratibu, manjano yakimchuruzika kidevuni. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Ukelele ulikuwa unatoka kibandani.