Lulu Hakubali Asichokisoma

Siku ya mechi, Chamazi haipati usingizi wa mchana. Honi zinalia tangu asubuhi. Vijana wenye jezi wanapita makundi makundi kwenda uwanjani. Bi Tabu huipenda siku hiyo, maana watu wa mpira wanapenda ubuyu.

Jumatano hiyo alikaa barazani na sufuria yake. Aligeuza ubuyu kwa mwiko, sukari na rangi zishike kila punje. Mumewe, Mzee Mwinshehe, alikuwa akifunga pakiti. Kila akifunga mbili, anakula moja.

"Baba Lulu, huyo mteja aliye tumboni mwako analipa lini?" aliuliza Bi Tabu.

"Naonja tu," alisema Mzee. "Utauzaje kitu usichokijua utamu wake?"

Simu ya Bi Tabu ikaita. Alikuwa Lulu, binti yao wa mwisho, anapiga kwa video. Lulu yuko Uturuki mwaka wa pili sasa. Anafanya usafi katika hoteli. Kwa kawaida hupiga Jumapili.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo si Jumapili, mwanangu. Kuna nini?"

Macho ya Lulu yalikuwa mekundu.

"Nimeharibu, mama. Kazi inanitoka."

Akaeleza. Kampuni yao ina programu kwenye simu. Humo kila mfanyakazi anaona zamu zake. Wiki hii wamewekewa mkataba mpya humo humo. Kila mtu ajibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiyejibu, jina lake linatolewa. Lakini maandishi yote ni ya Kituruki. Lulu anajua Kituruki cha kazini tu: ndoo, shuka, chumba, haraka.

"Sasa miaka miwili hii zamu zako ulikuwa unazionaje?" aliuliza Bi Tabu.

"Nakariri rangi, mama. Kijani ni kuingia kazini. Buluu ni kutoka. Wenzangu wote tunafanya hivyo."

"Na huo mkataba?"

"Una kitufe cha kijani na cha kijivu. Kaka Mashaka anasema tubonyeze kijani, basi."

Mashaka ni Mtanzania pia. Ndiye msimamizi wao.

"Wenzangu sita wamempa maneno yao ya siri awabonyezee," Lulu aliendelea. "Mie nikasema nataka kusoma kwanza. Nikaingia kutafuta Kiswahili. Nikaona orodha ya bendera. Nikaiona bendera yetu. Mama, nilifurahi kama nimekuona wewe. Nikabonyeza. Kila kitu kikapotea. Zamu hakuna, mkataba hakuna. Maandishi mekundu tu. Kaka Mashaka anasema nimpe neno langu la siri. Atarekebisha, halafu anibonyezee kijani."

"Mpe," alisema Mzee Mwinshehe. "Uko kwa watu, mwanangu. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Bi Tabu akaweka mwiko chini.

"Usimpe. Huo mkono wenyewe hatujauona. Huenda una kucha."

"Mama Lulu, mtoto atarudishwa huyu."

"Akirudishwa, arudi akijua kwa nini. Kwani wewe umelisahau dole langu?"

Mzee akaweka pakiti chini. Hakuwa amelisahau.

Zamani Bi Tabu hakujua kusoma. Siku moja jirani alimletea karatasi. Alisema ni ya kuonyesha mpaka wa shamba, jambo la kawaida tu. Bi Tabu alichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza. Baadaye akaambiwa kwamba kwa dole lile alikuwa ametoa kipande chote cha mihogo alichoachiwa na mama yake. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaenda kujiandikisha kisomo cha watu wazima. Alikaa dawati moja na mkwe wake, wala hakuona haya.

"Dole gumba halina macho, Lulu," alisema. "Na hicho kitufe cha kijani ni dole gumba. Wino tu umebadilika. Ngoja nimwite Jovina."

Jovina ana duka la steshenari ng'ambo ya barabara. Ni Mhaya, mwenyeji wa Muleba, lakini Chamazi ana miaka sita. Watu humpelekea fomu za kila namna. Ana desturi moja inayowaudhi wavivu: hashiki simu ya mteja. Yeye anaelekeza, mwenyewe abonyeze.

Alikuja na kalamu sikioni. Akaisikiliza habari yote.

"Lulu mdogo wangu, pole," alisema. "Kwanza, neno lako la siri silitaki. Siku ukinisikia naliomba, nikatie simu."

"Sawa, dada."

Jovina akamgeukia Bi Tabu.

"Bi Tabu, mtaa huu wewe ndiye bingwa wa vitendawili. Ukimtega mtu akashindwa, unamwambia nini?"

"Namwambia anipe mji."

"Basi Lulu kashindwa, kaipa simu mji. Swali lake lilikuwa la lugha. Yeye kaipa nchi. Kaipa Tanzania nzima. Sasa programu inadhani kahama Uturuki, na huku kwetu kampuni yao haina kazi. Ndiyo maana zamu zimepotea."

Lulu akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu apige simu.

"Kwa hiyo sijafukuzwa?"

"Hujafukuzwa. Sikiliza. Nchi ni pale ulipo. Lugha ni ile unayosoma. Hivyo ni vitu viwili, na kwenye simu vina milango miwili. Unaweza kukaa Uturuki na simu yako ikaongea Kiswahili. Hakuna kosa hapo. Tena bendera isikudanganye. Bendera ni ya nchi. Ukitaka lugha, usifuate bendera."

Lulu alikuwa anaongea kwa simu ya mwenzake. Yake aliishika mkono wa pili. Jovina akaanza kumwelekeza, polepole.

"Ndani ya hiyo programu, tafuta alama ya gurudumu lenye meno. Hiyo ndiyo mipangilio, wenyewe mnaita setingi. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Rudi kwenye zile bendera. Chagua ya Uturuki. Hifadhi."

Wote wakasubiri. Mzee Mwinshehe alisahau hata kutafuna.

"Zamu zimerudi," alisema Lulu. "Mkataba huu hapa."

"Vizuri. Sasa tafuta alama ya duara lenye mistari, kama dunia. Huo ndio mlango wa lugha. Kila lugha humo imeandikwa kwa jina lake yenyewe. Kiarabu utakiona kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili kikiwamo, kitaandikwa Kiswahili. Hata simu ikiwa ya Kichina, neno hilo utalitambua."

Lulu akasoma orodha mara mbili.

"Kiingereza kipo. Kiswahili hakimo, dada."

"Hakimo?" Bi Tabu aliuliza. "Watu wote hawa tunaokiongea, wametusahau?"

"Programu hii imetusahau, zingine zinatukumbuka," alisema Jovina. "Tutazunguka uani. Lulu, Kiingereza chako kikoje?"

"Cha kuombea maji."

"Basi fungua tovuti ya kampuni kwa kile kivinjari unachotafutia habari mtandaoni. Ingia, fungua mkataba. Juu kuna nukta tatu. Zibonyeze. Utaona neno la kutafsiri. Chagua Kiswahili."

Kivinjari cha Lulu nacho kilikuwa cha Kituruki. Kwa hiyo wakaanza na simu yenyewe. Lulu akaingia kwenye mipangilio ya simu, akafuata alama ya lugha, akatelezesha kidole chini. Kiswahili kilikuwamo. Akakichagua. Menyu zote zikageuka.

"Mama, simu imesema 'Betri'," alisema. "Miaka miwili naishi na simu kama na mama wa kambo."

Akafungua mkataba. Akabonyeza nukta tatu, kisha tafsiri. Akaanza kusoma kwa sauti.

"'Mfanyakazi atakunywa likizo siku kumi na nne.'"

"Atakunywa?" aliuliza Mzee. "Kwa kikombe gani?"

"Tafsiri ya mashine ndivyo ilivyo," alisema Jovina. "Ni kama mgeni anayejifunza Kiswahili. Unamwelewa, lakini humwachii akuandikie wosia. Kwenye hati nzito, ukishasoma, tafuta mtu anayeijua lugha athibitishe. Endelea."

Lulu akaendelea. Mshahara ni ule ule. Saa za kazi ni zile zile. Alipofika kifungu cha tisa, akasimama. Akakisoma tena, polepole.

"'Pasi ya kusafiria ya mfanyakazi itakaa ofisini hadi mwisho wa mkataba.'"

Uwanjani watu walishangilia bao.

Mzee Mwinshehe akaisogelea simu.

"Pasi yako ikae kwao? Ukiugua je? Ukitaka kuja kutuzika?"

"Ule mkono wako wa kubusu ndio huo, Baba Lulu," alisema Bi Tabu. "Kucha zake umeziona?"

Alhamisi Lulu alimpelekea mkataba Kokushubila, mwanafunzi wa Kitanzania huko huko Uturuki, anayekijua Kituruki vizuri. Kokushubila akausoma wote. Likizo hainywewi, alisema, lakini kifungu cha tisa ni kweli. Pasi inatakiwa ofisini.

Usiku Lulu aliwaonyesha wenzake chumbani. Akawafundisha kama alivyofundishwa: nchi iache ilipo, badili lugha. Wakasoma wenyewe. Wanne wakabadili maneno yao ya siri pale pale. Wawili walikuta Mashaka ameshawabonyezea kijani.

Asubuhi ya Ijumaa Bi Tabu akapigiwa na namba ngeni.

"Shikamoo mama. Mimi Mashaka, msimamizi wa Lulu. Namba yako nimeikuta kwenye fomu yake."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, mwambie Lulu apunguze ujuaji. Huku si Chamazi. Mtu wa kupiga deki anataka kusoma mkataba ili iweje? Na sasa anawaharibu wenzake."

"Wewe wako uliusoma?"

Mashaka akakohoa.

"Mama, mimi nawasaidia tu. Lugha hawaijui."

"Kitendawili."

"Mama, niko kazini."

"Kitendawili, baba."

Mashaka akashusha pumzi. Malezi ni malezi. "Tega."

"Mtumwa wangu hana macho, kila anachopewa anakubali."

"Sijui, mama."

"Nipe mji."

"Haya, chukua Temeke."

"Temeke nimo tayari, huwezi kunipa. Jibu ni dole gumba. Mabinti za watu umewafanya madole gumba, Mashaka. Wa kwangu ana macho. Pasi yake haitoki mkononi mwake. Kama kazi ni ya kunyang'anyana pasi, mwambie bosi wako atafute vidole vingine. Kazi njema, baba."

Akakata. Mzee Mwinshehe akamsogezea kikombe cha maji.

"Umemwambia," alisema.

"Nimemwambia. Sasa naogopa."

"Hata mimi. Kunywa."

Saa tano na nusu, kule Uturuki, Lulu alibonyeza kitufe cha kijivu. Sasa alijua kimeandikwa nini: Naomba marekebisho. Pakafunguka nafasi ya kuandika. Alikuwa amekwishaandika ujumbe kwa Kiswahili, akautafsiri, na Kokushubila akaukagua. Maneno yalikuwa machache:

"Kazi nitafanya. Zamu zote nitakuja. Pasi yangu naitunza mwenyewe. Kifungu cha tisa kiondolewe."

Akatuma. Wale wanne nao wakatuma. Wawili waliobonyezewa wakaiandikia ofisi kwamba kijani kile hawakukibonyeza wao.

Saa sita ikapita. Ya saba ikapita. Bi Tabu alikaa na simu mapajani, ubuyu ukashika chini. Saa nane Lulu akaandika: "Jina bado lipo." Jumamosi akaandika tena hivyo hivyo. Jumapili vivyo hivyo.

Jumatatu akapiga.

"Mama, mkataba umerudi. Nimeusoma kabla ya kukwambia. Kifungu cha tisa hakimo. Kwa sote saba hakimo."

"Wamewaogopa?"

"Wageni wa likizo wanaanza kufika wiki ijayo, mama. Hoteli haijifagii yenyewe."

"Na Mashaka?"

"Hasemi na mimi. Ila jana nilimkuta amejificha stoo na simu yake. Alikuwa anatafuta ile alama ya dunia."

Bi Tabu alicheka mpaka akashika mbavu. Lulu akamwambia kwamba kijani cha safari hii alikibonyeza mwenyewe, na alijua kimeandikwa nini.

Jioni ile Bi Tabu alivuka barabara kwenda dukani kwa Jovina. Alimpelekea pakiti mbili za ubuyu. Kisha akatoa simu yake, akaiweka mezani.

"Jovina mwanangu, nimekaa nikawaza. Lulu yuko ugenini, simu yake inaongea Kiswahili. Mie niko kwangu Chamazi, nimezaliwa hapa hapa Temeke, na hii inanisemesha Kiingereza. Nani kairuhusu?"

"Ilitoka dukani hivyo, Bi Tabu. Watu wengi huziacha hivyo hivyo."

"Hii haiachwi."

Jovina akaifuata desturi yake. Akaweka mikono nyuma.

"Gurudumu lenye meno liko wapi?"

Bi Tabu akalitafuta, akalipata. Akatelezesha kidole, akapotea, akarudi. Akazikuta lugha. Alizipita zote bila haraka, moja moja, kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye foleni ya shule. Akalikuta neno Kiswahili. Akalisoma kwa sauti. Kisha akabonyeza.

Aliporudi nyumbani, Mzee Mwinshehe alikuwa barazani. Aliitazama simu ya mkewe kwa muda mrefu. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitochi chake, simu ndogo ya zamani yenye vibonyezo vilivyofutika.

"Na hiki je?" aliuliza. "Hebu nibadilishie."

Bi Tabu akavuta kigoda, akakipigapiga kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema. "Bonyeza mwenyewe."