Kitanda Kisichopoa

— Utaanza wewe au nianze mimi?

— Anza wewe. Wewe ndiye mwenye maneno.

— Mara ya kwanza nilianza mimi. Leo zamu yako.

Mke na mume walikuwa jikoni wakiosha vikombe vya chai, na maneno hayo mazito waliyasema kwa kunong'ona, kama wezi walioingia nyumba ya watu. Kweli nyumba haikuwa yao. Ilikuwa ya wifi mtu, aliyeolewa nchi ya mbali, ufukweni kabisa. Yeye na mumewe walikuwa safarini, wakamwachia kaka mtu na familia yake funguo kwa likizo nzima. Lakini si hilo lililowafanya wanong'one. Kule kwao walinong'ona miaka yote ya ndoa, kwa sababu saa yoyote utakayoingia, kuna mtu amelala.

Mume alikuwa mwoka mikate. Kazini walimwita Bwana Tanuri. Alitoka nyumbani jioni, akarudi alfajiri akinuka hamira. Mke alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana, akiamka mume anaporudi. Kitanda chao hakikupoa: akitoka huyu, anaingia yule. Walikutana mlangoni, mmoja anavaa viatu, mwingine anavua, wakaulizana hali za watoto kama walinzi wanaokabidhiana lindo.

Mapenzi gani hayo ya kuishi mlangoni? Yalichoka. Hapakuwa na mchepuko wala matusi. Alfajiri moja tu mke alisema, kwa kunong'ona kama kawaida:

— Baba watoto, mimi na wewe hatuna ndoa. Tuna zamu.

Mume alimalizia kuvua kiatu, akasema:

— Kweli.

Wakakubaliana. Waende likizo kwa ajili ya watoto na bibi yao, wasiwaharibie. Siku ya mwisho wawaambie kwamba wakirudi, kila mtu na nyumba yake.

Siku ya mwisho ndiyo hii. Simu ya mke ikaguna juu ya meza. Ujumbe wa dada yake.

"Umeshawaambia? Usirudi nalo huku. Chumba chako nimeshakitayarisha."

Muuguzi alisoma, akailaza simu kifudifudi. Angejibu nini? Kwamba mambo yameharibika? Na yaliharibika kweli, na mharibifu ni huyo bwana anayefuta vikombe. Mwanzoni mwa likizo alikuwa hapati usingizi, anazunguka sebuleni kama bundi. Kisha usingizi ukamjia usiku, kama watu wengine wote. Mkewe alishtuka kumkuta pembeni yake, mzima mzima, anapumua. Alikaa akimtazama mpaka dirisha likawa jeupe.

Hakujua kwamba mumewe hulala na ngumi chini ya shavu. Hakujua ana mvi nyuma ya masikio. Hakujua kwamba mtu huyu, anayeingiza mikono kwenye moto bila kupepesa, anaogopa wimbi la kufika magotini, na kwamba akiogopa hucheka. Kila siku aliona kipya, akastaajabu, na ule mshangao ukaanza kumtia hofu. Kumpenda mume wako mwenyewe siku chache kabla ya kumwacha, hilo nalo balaa gani?

Mume naye hakudokeza lolote. Muuguzi alijiambia: mimi ndiye niliyesema yaishe, sasa nimwombe abaki, uso nitauweka wapi?

— Mnanong'ona nini huko?

Alikuwa Bibi, mama mzazi wa mume, amesimama mlangoni na kanga yake begani. Sikio lake moja lilishastaafu, na la pili lilifanya kazi linapojisikia.

— Tunaosha vyombo, mama, akajibu mkwewe.

— Siku hizi vyombo huoshwa kwa siri? Likizo nzima ni shi shi shi. Semeni na mimi nisikie.

Mume aliweka kitambaa chini, akatoka barazani. Mke akabaki na kikombe kimoja, anakisuuza kwa mara ya tatu.

Ndipo sauti ikapasua nyumba.

— Mama watoto! Njoo uone!

Muuguzi aliganda. Kwa nukta moja alijiuliza ni mwanamume gani huyo. Ilikuwa sauti nene, imetoka kifuani, imejaa baraza nzima. Amezaa naye watoto wawili, na hakuwahi kuisikia sauti yake yote. Alikimbia na kikombe mkononi.

Bahari ilikuwa imelala, haina hata kunyanzi. Na katikati yake, karibu kuliko inavyoaminika, mgongo ulikuwa unatoka majini. Ulitoka, ukaendelea kutoka. Mweusi, unang'aa, mrefu kuliko nyumba ya wifi na ya jirani yake ukiziunganisha. Kisha ukapumua. Mvuke ulipanda juu, na ule mvumo wake ukawafika vifuani kabla haujafika masikioni.

— Nyangumi, mume akasema.

— Naona.

— Bado anatoka. Haishi.

Watoto walikuja mbio, binti mkubwa na kitinda mimba wa miaka saba, wakashika ukuta wa baraza. Bibi akafika nyuma yao, akafumba jicho moja ili aone vizuri.

— Kuna kingine pembeni, akasema. Kidogo.

— Mtoto wake huyo, Bibi.

— Kidogo hicho? Bibi akatikisa kichwa. Ewe Mola, umeumba ukapitiliza.

Hakuna aliyecheka. Yule mkubwa aliinua mkia, akausimamisha hewani kana kwamba anafikiri, kisha akauzamisha polepole bila kishindo. Mdogo akamfuata. Maji yakajifunga juu yao, bahari ikawa tambarare tena, na watu watano wakabaki wametazama pale pale. Kitinda mimba alikuwa analia na hajui kwa nini. Muuguzi aliona mkono wake umo ndani ya mkono wa mumewe. Hakujua nani aliushika wa mwenzake.

— Sauti yako, akamwambia taratibu.

— Imefanya nini?

— Sikujua unayo.

Mume alimtazama. Akauachia mkono kama mtu aliyekumbuka kwamba kitu si chake.

Baada ya chakula cha mchana mabegi yalisimamishwa mlangoni. Gari la uwanja wa ndege lingefika jioni. Mume aliwaita wote sebuleni. Alikaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, akakohoa.

— Wanangu. Mama. Mimi na mama watoto tuna jambo la kuwaambia.

— La kuachana, akasema binti mkubwa.

Muuguzi akamgeukia binti.

— Nani kakwambia?

— Nyinyi. Mlisema jikoni alfajiri, kabla hatujaja. Mama, sisi tumekulia kwenye minong'ono. Tunasikia hata mnayoyameza.

— Na mimi nilisikia, kitinda mimba akadakia. Mlisema kila mtu na nyumba yake. Nikamuuliza dada, mimi nyumba yangu itakuwa ipi. Akasema hajui.

Watoto walikuwa wameyabeba maneno hayo likizo nzima. Wamejenga vibanda vya mchanga nayo, wamecheka nayo, wamekula nayo, ili wasiwaharibie wazazi wao. Muuguzi alimtazama mumewe na kuona uso umemvunjika.

— Wanasema nini? Bibi aliuliza. Mbona mnakuwa na sura za msiba?

Hapo Muuguzi alisimama. Kama ni aibu, basi ije yote kwa mpigo. Alisema kwa sauti ambayo hata yeye ilimshangaza:

— Mama, mimi na mwanao tulikubaliana kuachana. Hatujagombana. Hatukuwa tunaonana. Huku nimemwona. Nimemwona analala, nimemwona anaogopa maji, na sitaki tena kuachana naye. Nampenda. Yeye sijui anatakaje, hajaniambia.

Bibi alilisikia kila neno. Akamgeukia mwanawe.

— Umeulizwa.

Mume alitoa simu mfukoni, akapiga.

— Weka sauti tusikie wote, Bibi akaamuru.

Akaiweka.

— Bwana Tanuri! ikasema sauti ya bosi wake. Karibu nyumbani. Kesho usiku tanuri linakungoja.

— Bosi, usiku siji.

— Kesho kutwa, basi. Pumzika.

— Wala kesho kutwa. Usiku siji tena. Nipe kazi ya mchana.

— Mchana kuna kusambaza mikate tu, bwana. Kuendesha gari. Ile ni kazi ya vijana. Wewe ni fundi mkuu.

— Nipe hiyo hiyo.

— Umelewa?

— Sijalewa. Huku nimelala usiku, bosi. Nikiamka, mke wangu yupo. Mambo mengine yote nimeshindwa kuyafikiria tangu siku hiyo. Kila siku nilitaka kumwambia, nikaogopa atasema makubaliano ni makubaliano.

Upande wa pili bosi akashusha pumzi ndefu.

— Gari lina kelele, halina redio. Usije ukalalamika.

Simu ikakatika. Binti mkubwa alikuwa ameficha uso begani kwa Bibi. Kitinda mimba alimvuta baba yake shati.

— Kwa hiyo nyumba ngapi?

— Moja, akasema baba. Kama mama yako atakubali.

Akanyanyuka, akasimama mbele ya mkewe, mikono haijui pa kukaa. Mtu mzima, fundi mkuu, amelowa jasho kama kijana wa posa.

— Utaniweza kweli? akamuuliza. Jioni yote na usiku kucha?

Muuguzi alimfuta jasho kwa kiganja, mbele ya mama mkwe na watoto.

— Sijui, akasema. Sijawahi kuwa na mume usiku. Twende nyumbani tukajaribu.